Kwa Nini Sikwenda Ziwani

Naomba nieleze habari ya safari ya Mbamba Bay, ambayo wengi wameisikia nusu nusu. Wako wanaosema kwamba niliiba nafasi. Wako wanaosema kwamba kompyuta ilikosea. Yote mawili si kweli. Nami nataka kueleza jambo lilivyokuwa, kwa maana nimepata ndani yake somo ambalo sikulitazamia.

Mimi ni mtoto wa milimani. Kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini Mbinga, mahali ambapo pote ni ngoro na kahawa. Habari za Ziwa Nyasa nimezisoma tangu shule ya msingi. Naweza kusema bila kufungua daftari kwamba kina chake ni kama mita 700, kwamba katika Afrika ni Tanganyika peke yake linalolipita kwa kina, na kwamba lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani. Lakini ziwa lenyewe sijaliona kwa macho. Kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay hazifiki kilomita 70, na barabara siku hizi ni ya lami. Hata hivyo, kwa mtu asiye na nauli wala ndugu huko ufukweni, kilomita 70 ni nyingi.

Basi muhula uliopita mwalimu wetu wa jiografia alipotangaza kwamba limepatikana gari la kuwapeleka wanafunzi 12 Mbamba Bay, moyo wangu uliruka. Lakini waliojiandikisha walikuwa 91. Mwalimu akasema hataki upendeleo, wala hataki kelele za mlangoni. Akaniita mimi, kwa kuwa ni katibu wa chama cha hesabu, akaniuliza kama kompyuta ya shule inaweza kuchagua watu 12 bila kumjua mtu. Nikajibu kwa kiburi kidogo, "Inaweza, Mwalimu."

Niliandika programu fupi kwa lugha ya C. Kila mwanafunzi alipewa namba kutoka 1 mpaka 91. Kompyuta ingetoa namba za kubahatisha. Kila namba ningeigawa kwa 91, nichukue baki na kuongeza moja, na hiyo ndiyo ingekuwa namba ya mwanafunzi. Ikirudi namba iliyokwisha kutoka, tunaipita.

Hapa niwaeleze wasiojua. Kompyuta hairushi dadu. Inaanza na namba moja ambayo huitwa mbegu, inaifanyia hesabu, inapata namba nyingine, nayo inaifanyia hesabu ile ile, na kuendelea. Ukizitazama namba hizo huoni utaratibu wowote, lakini utaratibu upo. Kwa sababu hiyo huitwa namba nasibu za bandia. Na hiyo bandia ina faida yake: ukipanda mbegu ile ile, unavuna namba zile zile. Ndivyo nilivyoamini. Hata nikaibandika programu yangu kwenye ubao wa matangazo na kuandika chini yake, "Yeyote anaweza kuhakikisha."

Siku ya kuchagua tulikusanyika bwaloni. Mwalimu akauliza mbegu iwe ngapi. Sauti nyingi zikasema, "Moja!" Nikaandika 1. Kioo kikatoa: 42, 86, 56, 20, 60, na nyingine mpaka zikatimia 12.

Namba 42 ilikuwa yangu mimi.

Watu walipiga makofi, lakini nilisikia na minong'ono. Sikujali. Usiku ule niliota maji.

Wiki moja baadaye niliitwa ofisini. Nilimkuta mzee mmoja ameketi, kofia magotini. Alikuwa baba yake mwanafunzi wa namba 79, karani mstaafu wa chama cha msingi cha kahawa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye katibu wa hesabu?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Sikuja kugomba. Nimekuja kuuliza. Binti yangu alinakili maandishi yako pale ubaoni, akampelekea kaka yake aliye chuoni. Kaka yake ameyaandika katika kompyuta yake, herufi kwa herufi, na mbegu ni hiyo hiyo moja. Tazama alichopata."

Akaweka karatasi mezani. Palikuwa pameandikwa: 79, 75, 38, 83, 2, na nyingine saba. Namba 79 ilikuwa ya kwanza kabisa. Namba 42 haikuwamo hata mahali pamoja.

Tulikwenda sote kwenye kompyuta ya shule. Nikaendesha programu tena. Ikatoa 42 kwanza, kama siku ile. Nikaendesha mara ya tatu. Ikawa 42. Mzee akatazama kioo, akanitazama mimi, akasema polepole, "Basi mashine yenu inamjua mwenyewe."

Wenzangu, sijapata kuona aibu kama ile. Ningepigwa kofi ningeumia kidogo kuliko hivyo. Mwalimu akasema safari isimame mpaka jambo lijulikane. Bwenini wengine walianza kuniita "Arobaini na Mbili", na hakuna aliyeniomba tena kalamu wala kunikaribisha mezani.

Ilituchukua siku kadhaa, mimi na mwalimu wa hesabu, kuuona ukweli. Programu iliyoandikwa na mtu haiwezi kueleweka na mashine mpaka ifasiriwe na programu nyingine inayoitwa kompaila. Kila kompaila huja na ghala lake la kazi zilizo tayari, na mojawapo ni ile ya kutoa namba za kubahatisha. Mimi nilikuwa nimeiita kazi hiyo kwa jina lake tu, rand, nikadhani jina moja ni kitu kimoja. Kumbe kanuni za lugha ya C zinasema tu kwamba kazi hiyo iwepo, na kwamba upeo wa namba zake usipungue 32,767. Hesabu gani itumike, hazilazimishi. Kila mtengenezaji alichagua ya kwake.

Kompyuta yetu ilikuwa ya Windows, na upeo wake ulikuwa 32,767 tu. Ya yule kaka ilikuwa ya Linux, na upeo wake ulikuwa 2,147,483,647. Ukipanda 1 kwenye ya kwetu, namba zinaanza 41, 18,467, 6,334. Ukipanda 1 kwenye ya kwake, zinaanza 1,804,289,383, kisha 846,930,886. Gawa 41 kwa 91, baki ni 41. Ongeza moja, ni 42. Gawa 1,804,289,383 kwa 91, baki ni 78. Ongeza moja, ni 79. Hakuna aliyedanganya, wala hakuna mashine iliyokosea. Kosa lilikuwa langu. Niliandika "yeyote anaweza kuhakikisha" bila kumpa mtu kitu cha kuhakikishia. Nilitoa jina la hesabu, sikutoa hesabu yenyewe.

Tulipoendelea kuchimba tukakuta na kosa jingine dogo. Kutoka 0 mpaka 32,767 kuna namba 32,768. Ukizigawa kwa watu 91, kila mtu anapata 360, na 8 zinabaki. Basi wanafunzi wanane wa kwanza katika orodha walikuwa na nafasi 361 kila mmoja, na wengine wote 360. Ni tofauti ndogo sana, lakini mizani iliyopotoka kidogo imepotoka, na baba yule aliyekuwa akipima kahawa ya watu maisha yake yote asingekubali neno "kidogo".

Jumamosi nilipata ruhusa, nikaenda nyumbani. Nilimkuta bibi shambani akitengeneza ngoro. Kwa wasiozifahamu, hii ndiyo kazi ya Wamatengo tangu zamani: unafyeka majani, unayalaza kwa mistari inayokatana mpaka yafanye miraba mteremkoni, kisha unachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani. Panabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikija, maji yanatuama mashimoni, udongo haukimbii. Nilichukua jembe la jirani, ambalo mpini wake ni mrefu, bibi akiwa na la kwake fupi lililolika. Tulipomaliza nikatazama nyuma. Huwezi kujua shimo lipi ni la jembe lipi.

Nikamwuliza, "Bibi, mbona majembe ni mbalimbali na mashimo ni mamoja?"

Akacheka. "Jembe halijui ngoro. Anayejua ni mtu. Nimekuonyesha namna, basi chukua jembe lolote."

Hapo ndipo nilipojua la kufanya. Mimi nilikuwa nimeliachia jembe lijue ngoro.

Jumatatu nilimwambia mwalimu wa hesabu kwamba tusitumie tena namba za ghalani. Tuandike kanuni wenyewe, fupi, ambayo mtu aweza kuifuata kwa kompyuta yoyote, au kwa penseli. Akaniambia ipo kanuni ya namna hiyo, yenye asili kwa Mmarekani D. H. Lehmer, aliyeieleza mwaka 1949. Mwaka 1988 wataalamu wawili, Park na Miller, waliipendekeza iwe kipimo cha chini ambacho kila kompyuta ingepaswa kukifikia. Ni hii: chukua namba uliyo nayo, izidishe kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, na baki ndiyo namba yako mpya. Basi. Namba 16,807 ni saba iliyozidishwa kwa yenyewe mara tano, yaani 7 × 7 × 7 × 7 × 7. Ile kubwa haigawanyiki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe. Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772.

Uzuri wake mwingine ni kwamba ina kipimo cha kuijaribu. Ukianza na 1, namba tatu za kwanza ni 16,807, 282,475,249 na 1,622,650,073, na namba ya 10,000 lazima iwe 1,043,618,065. Tuliijaribu kwenye kompyuta ya shule, kwenye simu ya mwalimu, na yule kaka akaijaribu huko chuoni. Wote tulifika 1,043,618,065. Nilirukaruka kama mtoto.

Lakini jaribio la kwanza kabisa lilituangusha, nami nalitaja ili mwingine asianguke. Ukizidisha namba hizo unaweza kufika tarakimu 14, na chombo cha biti 32 ndani ya kompyuta hakiwezi kubeba namba kama hiyo. Inafurika, na kila kompaila yaweza kuufanyia mfuriko huo mambo yake. Ilitubidi kuagiza waziwazi chombo cha biti 64. Nilisoma pia kwamba hata lugha mpya zina mtego huu. Kanuni za C++ za mwaka 2011 ziliingiza hesabu ya Wajapani wawili, Matsumoto na Nishimura, na kuamuru namba yake ya 10,000 iwe 4,123,659,995 kila mahali. Lakini kazi ya kuzigeuza namba hizo ziwe, kwa mfano, 1 mpaka 91, wameachiwa tena watengenezaji, kila mmoja kwa njia yake. Kwa hiyo mtu hana budi kuandika na hatua hiyo mwenyewe.

Sisi tuliiandika hivi. Namba yoyote inayozidi 2,147,483,611 tunaitupa, maana zilizobaki zinagawanyika sawasawa kwa watu 91, hakuna mwenye nafasi zaidi. Kisha baki na kuongeza moja, kama zamani. Na orodha ya majina tuliiandika kwa wino, kila jina na namba yake, kabla ya jambo lolote. Tusingeliachia hilo mashine pia, kwa kuwa majina yenye Ng' mwanzoni, kompyuta moja huyapanga hapa na nyingine pale.

Swali moja likabaki: mbegu nani ataitaja? Mtu anayeijua kanuni aweza kujaribu mbegu nyingi usiku, akachagua ile inayompeleka ziwani. Yule mzee karani ndiye aliyetoa jibu. Alisema, "Tumieni kofia yangu." Mwanzoni watu wengi walikuwa wameuliza kwa nini tusitumie vikaratasi kofiani tangu awali. Ni kweli, kofia ni haki kwa waliokuwapo. Lakini aliyekuwa mbali hawezi kuirudia; hana ila kuamini. Sasa tukaunganisha vyote viwili. Orodha ikafungwa, kanuni ikabandikwa, ndipo watoto wa mwalimu, wadogo wasiojua jambo, wakavuta tarakimu tano kofiani mbele ya wote: 1, 6, 4, 9, 2.

Mbegu ikawa 16,492. Safari hii sikugusa kompyuta. Nilisimama ubaoni na chaki, wenzangu wakizidisha pamoja nami. Ya kwanza ilitoka 277,181,044, yaani mwanafunzi namba 50. Ya pili ilitoka 689,776,165, yaani namba 79. Yule binti akaficha uso kwa mikono. Tukaendelea: 49, 88, 84, 2, 3, 83, 55, 22, 47. Ikabaki nafasi moja. Nilizidisha kwa mkono uliotetemeka, nikagawa. Ikatoka 52.

Sitasema uongo kwamba sikuumia. Niliumia. Niliifuta chaki mikononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jambo hili si la safari za wanafunzi tu. Mwaka 1998 huko Busia, Kenya, shule 75 ziliingizwa katika mpango wa dawa za minyoo, zikagawanywa vikundi vitatu vya shule 25, ili ijulikane dawa inafaa kiasi gani. Ziliorodheshwa kwa alfabeti, kisha zikahesabiwa moja, mbili, tatu. Njia hiyo yeyote anaweza kuirudia, lakini si ya kubahatisha hasa, na wataalamu wameibishania baadaye. Nako Bagamoyo na Korogwe, kuanzia mwaka 2009, watoto waliingizwa katika majaribio ya chanjo ya malaria pamoja na wenzao wa nchi nyingine sita za Afrika. Nani apate chanjo ile na nani apate nyingine, haikuachwa kwa mapenzi ya daktari wala ya mzazi. Iliamuliwa kwa bahati. Katika kazi kama hizo, anayetaka kuikagua bahati ile miaka mingi baadaye, kwa mashine nyingine, atahitaji kanuni na mbegu vilivyoandikwa.

Niseme pia kwamba kanuni yetu haifai kwa siri. Mtu akiona namba moja anajua inayofuata. Usitengeneze nayo neno la siri la mtu yeyote. Sisi hatukutaka siri. Tulitaka kinyume chake.

Gari liliondoka Ijumaa asubuhi. Mimi nilibaki nikifagia maktaba. Waliporudi, binti wa namba 79 aliniletea usipa waliokauka, wamefungwa katika gazeti, wakinuka ziwa lote. Nilikula wachache, wengine nikampelekea bibi.

Lakini zawadi niliyoipenda zaidi ilikuja na baba yake. Alipita shuleni akiwa na daftari la mistari. Alikuwa amekaa jioni mbili nyumbani kwake, kwa penseli, akifanya mazidisho yote kumi na mawili na kugawa kila moja. Hakuwa na kompyuta. Alifungua ukurasa wa mwisho na kuweka kidole.

"Mimi nimefika 461,296,978," akasema. "Wewe je?"

Nilikuwa nayo kichwani tangu siku ile. "Na mimi, mzee. Hiyo hiyo."

Akafunga daftari, akanipa mkono.

Basi wenzangu, ukitaka watu wakuamini, usiwaonyeshe mashine yako. Waandikie namna, wazi na kwa ukamilifu, ili aliye mbali na wewe aweze kuirudia kwa jembe lake mwenyewe. Muhula ujao, gari likipatikana, kanuni itakuwa ubaoni na kofia itakuwa mezani. Nami nitaandika jina langu tena.